Mnato wa 64: kidhibiti joto kilivyouzuia mkondo wa karajinani

Namba iliyozua kisa hiki ni 64. Ndiyo mnato, yaani uzito wa kimiminika katika kutiririka, alioupata mwanafunzi mmoja wa uzamili, Mpemba anayesoma kemia mjini Unguja, alipoigiza kwa kompyuta maji yenye karajinani yakipita katika mfereji mwembamba. Kimiminika hicho hicho bila polima (minyororo mirefu ya karajinani), kwa vipimo alivyotumia, kina mnato wa kama 2. Minyororo ya polima haikufika hata asilimia mbili ya chembe zote zilizokuwemo. Kwa hesabu hiyo, minyororo michache imeyafanya maji kuwa mazito zaidi ya mara thelathini. Rasimu ya tasnifu ikaeleza kuwa hiyo ni dalili ya minyororo kunasana na kuanza kuganda.

Maelezo hayo yana mvuto wake, hasa kwa mtu aliyekulia katika nyumba ya wakulima wa mwani. Karajinani ni sukari yenye minyororo mirefu inayotolewa kwenye mwani, na inanunuliwa duniani kwa sababu inagandisha na kuongeza uzito: imo katika dawa ya meno, aiskrimu na maziwa ya viwandani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, na leo sehemu kubwa ya mavuno inatoka Pemba. Mwani aina ya spinosum unatoa karajinani aina ya iota, inayotengeneza jeli laini ikikutana na kalsiamu. Cottonii inatoa kappa, inayotengeneza jeli ngumu inayovunjika ikikutana na potasiamu. Ndiyo yenye bei zaidi, na ndiyo inayosumbuliwa zaidi bahari inapopata joto. Mwani wetu mwingi bado unasafirishwa ukiwa mkavu, haujasindikwa. Kwa hiyo mtu akitaka kujua jinsi karajinani inavyopita kwenye mirija na vichujio, hilo ni swali la maana hapa kwetu.

Lakini kuganda kunahitaji sababu, na katika modeli yake hakukuwa na sababu hata moja. Karajinani halisi inaganda inapopoa: minyororo inajisokota kuwa hesi, kisha hesi zinashikana kwa msaada wa ioni, yaani chembe zenye chaji. Ukiipasha moto jeli inayeyuka. Modeli yake ilikuwa ya minyororo ya shanga na springi, bila chaji, bila ioni, na chembe zote zinasukumana tu zikikaribiana. Hakuna kani ya kuvutana popote. Minyororo isiyovutana, tena michache hivyo ndani ya maji mengi, haiwezi kuganda hata ukiisubiri hadi mwakani.

Aliponiletea michoro nilimuuliza kipimajoto cha uigaji kilisomaje.

"Moja kamili, maalim, mwanzo hadi mwisho."

"Basi toa polima zote, mwanangu. Endesha maji matupu, kila kitu kingine kiache kilivyo."

Maji matupu hayahitaji muda mrefu. Asubuhi yake alirudi na mchoro mmoja. "Ni ile ile, maalim. Maji matupu nayo yana mnato wa 64."

Hapo polima zikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Kilichobaki ni kitu ambacho hakimo katika maji ya bahari wala ya mfereji, bali katika faili la maagizo peke yake: kidhibiti joto.

Kwanza tueleze kwa nini kidhibiti kinahitajika. Katika uigaji wa chembe, kompyuta inafuata kila chembe kwa sheria ya Newton, hatua ndogo baada ya hatua ndogo. Halijoto haimo katika sheria hizo. Inatokana na wastani wa nishati mwendo ya chembe. Ukisukuma kimiminika katika mfereji, tabaka zake zinapishana, zinasuguana, na kazi ya kusukuma inageuka joto. Katika bomba halisi joto hilo linatoka kupitia kuta. Katika kisanduku cha kompyuta, usipoweka njia ya kutokea, joto linajilimbikiza na mfumo unazidi kuchemka. Kwa hiyo mtu anaongeza kanuni ya kupunguza mwendo pale unapozidi na kuuongeza pale unapopungua, na zipo kanuni nyingi za namna hiyo. Zote zinaweza kukupa kipimajoto kinachosoma 1.00. Zinatofautiana katika vitu vingine vinavyoharibika wakati kipimajoto kikisoma vizuri.

Faili la mwanafunzi lilitumia kidhibiti cha Langevin, na thamani ya msuguano ilikuwa 0.5. Namba hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Grest na Kremer walikitumia kidhibiti cha aina hiyo mwaka 1986 kwa minyororo ya polima, na mwaka 1990 wakatoa modeli ambayo imekuwa msingi wa kazi zisizohesabika: shanga zilizounganishwa kwa springi yenye ugumu wa 30 na urefu wa mwisho wa 1.5, densiti ya 0.85, na msuguano wa 0.5. Vipimo vyote hivyo ni vya uigaji, ambamo uzito wa chembe, upana wake na nishati ya joto vyote ni 1. Mapishi hayo yamesambaa kiasi kwamba mtu anayeanza kutumia LAMMPS, programu ya bure ya kuigiza chembe kutoka maabara ya Sandia ya Marekani, anaweza kukutana nayo katika mafaili ya mfano kabla hata hajajua yameandikwa wapi na kwa nini.

Na mapishi ni sahihi, kwa kazi iliyokusudiwa. Grest na Kremer walikuwa wanachunguza polima zilizoyeyuka: minyororo mitupu, imesongamana, hakuna maji katikati, hakuna mkondo. Humo hata bila kidhibiti, mwendo wa shanga moja haupeleki habari mbali, kwa sababu minyororo ya jirani inaufuta. Kidhibiti kinachofuta habari za mwendo hakina cha kuharibu pale ambapo habari zenyewe hazifiki mbali. Mwanafunzi aliyahamisha mapishi kwenye mchanganyiko mwepesi wenye maji mengi, kisha akausukuma. Hapo habari za mwendo ndizo karibu fizikia yote.

Tazama kanuni yenyewe inafanya nini. Kila chembe inapata vitu viwili: msuguano unaopinga kasi yake, na misukumo ya bahati nasibu inayoirudishia nishati. Uwiano wa viwili hivyo umepangwa ili halijoto itulie pale unapotaka. Shida iko kwenye neno "kasi yake". Ni kasi kulingana na nini? Katika Langevin ya kawaida, ni kasi kulingana na kisanduku. Chembe inayosafiri kwa utulivu pamoja na majirani zake wote, bila kuwagonga, bila kupata joto lolote la ziada, inasuguliwa kana kwamba imechemka. Chai iliyomo ndani ya chupa haipati moto kwa sababu boti ya Pemba imeongeza mwendo. Langevin inadhani imepata, na inaipoza.

Sasa tuweke namba, kwa sababu namba za kisa hiki zinafurahisha. Mfereji wake ulikuwa na upana wa 40. Kila chembe ilisukumwa mbele kwa kani ya 0.02. Mnato wa kimiminika ni kama 2, ukigawanya kwa densiti ya 0.85 unapata 2.35. Bila kidhibiti cha kuingilia kati, kasi inachora parabola: sifuri kwenye kuta, kilele katikati. Kilele hicho ni 0.02 mara mraba wa 40, gawanya kwa 8 mara 2.35, yaani 1.7.

Ukiweka msuguano wa 0.5, mambo yanageuka. Katikati ya mfereji, mbali na kuta, chembe inasukumwa na 0.02 na inazuiwa na 0.5 mara kasi yake. Zinalingana kasi ikiwa 0.04. Hapo ndipo mkondo unapokwama. Tazama hesabu hiyo tena: mnato haumo! Kasi ya katikati ya mfereji imeamuliwa na namba mbili alizochapa mwanafunzi mwenyewe kwenye kibodi, na kimiminika hakikuulizwa chochote. Kuta zinajulikana tu kwa umbali ambao habari inasafiri kabla ya msuguano kuifuta, na umbali huo ni kipeuo cha pili cha 2.35 gawanya kwa 0.5, yaani kama 2.2. Mfereji wa upana wa 40, na ni tabaka mbili tatu tu kila upande zinazojua kwamba kuna ukuta! Zilizobaki zote zinakwenda kwa kasi moja. Mchoro wake wa kasi ulikuwa bapa juu kama meza, na rasimu iliusifia ubapa huo kama alama ya kimiminika kinachokaribia kuwa jeli.

Mnato aliupata kwa kupima wastani wa kasi na kuuingiza katika fomula ya parabola. Wastani wa mkondo ule bapa ni kama 0.036. Ingiza: 0.85 mara 0.02 mara 1600, gawanya kwa 12 mara 0.036. Jibu ni karibu 63, na ukitumia desimali zote linakaribia 64. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kama ugunduzi kuhusu karajinani ingeweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi bila kuwasha kompyuta. Hili ndilo lililomuuma zaidi, na ninamwelewa, maana mashine ilikuwa inakesha ikifanya kazi na umeme ukikatika anaanza tena kutoka faili la mwisho lililohifadhiwa.

Alipoona Langevin ndiyo mkosaji, alikimbilia njia ambayo kila mtu huikimbilia: kupima halijoto ya mfumo mzima, kisha kuzidisha kasi za chembe zote kwa namba moja ili halijoto irudi mahali pake. Berendsen na wenzake waliifanya njia hii iwe ya upole mwaka 1984, kwa kurekebisha kidogo kidogo badala ya kwa mkupuo. Mkondo ukapona kwa kiasi kikubwa. Parabola ikaonekana, kilele kikafika 1.2. Kipimajoto: 1.00. Akaandika ujumbe wa furaha.

Nilimwomba apime halijoto kwa kila mhimili peke yake. Hiki ni kipimo ninachokipenda kuliko vingine vyote katika kazi hii, kwa sababu hakigharimu chochote na hakisemi uongo. Katika kimiminika kilichotulia, mihimili mitatu inasoma sawa. Chake kilisoma hivi: kuelekea mkondo, kama 1.51, mihimili miwili mingine, 0.74 na 0.74. Wastani wa vitatu ni 1.00 safi. Kipimajoto cha jumla kilihesabu mwendo wa mkondo wenyewe kuwa ni joto. Parabola yenye kilele cha 1.2 ina wastani wa mraba wa kasi wa karibu 0.77, ukiugawanya kwa mihimili mitatu unapata 0.26 ya "joto" ambalo si joto. Kidhibiti kikaona mfumo umezidi, kikapunguza, hadi joto la kweli likashuka kwa robo. Na kwa kuwa kinapunguza kasi zote kwa namba moja, mkondo nao kiliuchuna. Ndiyo maana kilele kilikuwa 1.2 badala ya 1.7.

Kwa polima kosa hili si dogo. Mnyororo unajikunja kuwa kidonge kwa sababu ya fujo za joto peke yake. Nguvu ya kujikunja inalingana moja kwa moja na halijoto. Ukipoteza robo ya joto umepoteza robo ya nguvu hiyo, na mkondo unaunyoosha mnyororo kuliko inavyostahili. Mtu angeandika sura nzima juu ya minyororo ya karajinani inavyonyooka katika mirija, na kipimajoto kingemuunga mkono kwa kila hatua.

Mkosi wa aina hii una historia. Mwaka 1984 Erpenbeck aliripoti kwamba vimiminika vya chembe rahisi, tabaka zake zikipishana kwa kasi kubwa sana, vinajipanga kuwa nyuzi ndefu zinazofuata mkondo. Miaka miwili baadaye Evans na Morriss walionyesha kuwa mpangilio ule ulikuwa kazi ya kidhibiti: kilikuwa kimeamini mapema umbo fulani la mkondo, na chembe zikienda kinyume cha umbo hilo zinahesabiwa kuwa zimechemka na zinapozwa mpaka zitii. Walipoacha mkondo uchague umbo lake wenyewe, kwa kupima kasi ya wastani ya kila mahali na kuitoa kabla ya kuhesabu joto, nyuzi zikayeyuka. Na katika uigaji wa molekuli za uhai, Harvey na wenzake walieleza mwaka 1998 jinsi kuzidisha kasi kwa namba moja kunavyoweza kunyonya mitetemo ya ndani ya molekuli na kuihamishia kwenye mwendo wa jumla, hadi molekuli inaruka angani ikiwa imeganda huku kipimajoto kikisoma sawasawa. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hakuwa na upweke.

Njia ya kati, ambayo wengi wanaitumia na mimi siikatai, ni kuiacha Langevin ifanye kazi kwenye mhimili mmoja tu: ule usio na mkondo wala mabadiliko ya kasi, yaani sambamba na kuta lakini kukatisha mkondo. Msuguano haugusi mkondo, na joto linalozaliwa kwenye mihimili mingine linahamia kwenye mhimili huo kwa kugongana. Kwa kimiminika kilichosongamana na mkondo usio mkali, inatosha. Alijaribu, kilele kikarudi karibu na 1.7, mihimili mitatu ikakaribiana baada ya kutoa kasi ya mkondo. Kama alichotaka ni mnato peke yake, ningemwambia asimame hapo.

Lakini alitaka pia kujua minyororo inavyosambaa ndani ya maji, na hapo nusu dawa haitoshi. Shanga ya mnyororo ikisogea inayavuta maji ya jirani, maji yanaivuta shanga nyingine ya mnyororo huo huo iliyo mbali kidogo, na mnyororo mzima unasafiri kama kitu kimoja. Zimm aliuweka mwendo huo kwenye hesabu mwaka 1956: katika maji yanayoupenda mnyororo, ukirefusha mnyororo mara mbili, kasi ya kusambaa inapungua mara 1.5 hivi. Maji yakinyimwa uwezo wa kupeleka habari, kila shanga inajisugulia peke yake, na mnyororo wa urefu maradufu unasambaa kwa nusu ya kasi. Huo ni mwendo wa Rouse, wa mwaka 1953. Kati ya 1.5 na 2 kuna pengo linaloonekana vizuri kwenye mchoro. Dünweg alieleza mwaka 1993 kwamba msuguano wa Langevin unaufuta mwendo wa Zimm kwa umbali uleule tuliokokotoa hapo juu. Umbali wa 2.2 ni mdogo kuliko hata kidonge cha mnyororo mfupi wa shanga 40.

Kinachohitajika ni kidhibiti kinachofanya kazi baina ya chembe mbili mbili. Asili yake ni mbinu inayojulikana kwa herufi DPD (dissipative particle dynamics), iliyoanzishwa na Hoogerbrugge na Koelman mwaka 1992 na kuwekewa msingi wa takwimu na Español na Warren mwaka 1995. Chembe mbili zikikaribiana, unatazama kasi ya moja kulingana na nyenzake, si kulingana na kisanduku. Kama zinakaribiana au kuachana, msuguano unaipinga tofauti hiyo, kwenye mstari unaoziunganisha tu. Msukumo wa bahati nasibu nao unapita kwenye mstari huo huo: unachompa huyu unampokonya yule, kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo momentamu, yaani uzito mara kasi, haipotei popote. Chembe mbili zinazosafiri pamoja kwa kasi ile ile hazisuguliwi hata kidogo, na mkondo unapita bila kidhibiti kujua kwamba upo. Español na Warren walionyesha kwamba uzito wa msuguano lazima uwe mraba wa uzito wa msukumo, na nguvu zake zifungwe pamoja kwa halijoto unayoitaka. Ukivunja sharti hilo, halijoto unayoipata si ile uliyoiomba.

Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuna DPD kama kimiminika kizima, chenye chembe laini zinazoweza kupitana, kama ile ya Groot na Warren ya mwaka 1997 yenye densiti ya 3 na nguvu ya kusukumana ya 25. Humo chembe zinasambaa haraka karibu sawa na momentamu inavyosambaa, wakati katika maji halisi momentamu inasambaa haraka mara mamia kuliko molekuli. Na kuna DPD kama kidhibiti joto tu, iliyobandikwa juu ya chembe ngumu za kawaida. Soddemann, Dünweg na Kremer waliipendekeza kwa kazi hiyo mwaka 2003, na jina la Kremer katika orodha hiyo linafundisha kitu: mtu ambaye mapishi yake ya Langevin yamenakiliwa kila mahali ndiye aliyesaidia kuandika kwamba kwa mikondo kuna kingine kinachofaa zaidi. Mwanafunzi alihitaji hii ya pili. Zipo ndugu zake, kama ile ya Lowe ya mwaka 1999 inayobadilishana kasi za jozi badala ya kutumia kani, lakini programu yake ilikuwa tayari na DPD, na hakukuwa na haja ya kwenda mbali.

DPD nayo ina bei. Msuguano wa jozi ni msuguano wa ndani ya kimiminika, kwa hiyo unaongeza mnato wenyewe. Ukiupandisha sana maji yanakuwa mazito kwa sababu yako. Dawa ni kupima maji matupu kwa kidhibiti hicho hicho, kisha kuripoti uwiano wa mnato wenye polima kwa mnato usio nazo. Pili, kani inategemea kasi, na kanuni za kawaida za kusogeza chembe hatua kwa hatua hazikubuniwa kwa kani za hivyo. Hatua ya muda ikiwa ndefu, halijoto ya kasi inaweza kusoma vizuri wakati mpangilio wa chembe uko kwenye halijoto nyingine. Kuna namna ya kupima halijoto kutoka kwenye kani na nafasi peke yake, bila kugusa kasi, iliyotokana na kazi ya Rugh ya mwaka 1997. Allen aliitumia kuikagua DPD mwaka 2006. Nilimwambia aiweke. Alilalamika kidogo, kisha akaiweka.

Likabaki suala la joto la kusuguana lenyewe, ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuulizwa kabla ya yote. Tuseme unaondoa kidhibiti ndani ya kimiminika na kuacha kuta peke yake zipoze, kama bomba halisi. Kwa kani ya 0.02 na uwezo wa kupitisha joto wa kama 6, katikati ya mfereji inapanda kwa 0.3 hivi. Theluthi nzima ya halijoto! Hakuna kiwanda cha mwani duniani ambamo maji katikati ya mrija yana moto wa theluthi zaidi kuliko pembeni kwa sababu ya kusukumwa. Ni kwamba katika kompyuta tunasukuma kwa ukatili: kwa chembe za ukubwa wa molekuli ndogo, kipimo kimoja cha muda ni kama sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na tabaka zinapishana kwa viwango vya mara bilioni mia kwa sekunde. Kidhibiti chochote kinachoificha hali hiyo kinaficha swali lenyewe.

Kinachopunguza joto ni kupunguza msukumo, na kinapunguza haraka, kwa sababu joto linafuata mraba wa kani. Ukikata kani kwa nusu, 0.3 inakuwa chini ya 0.08. Ukiikata hadi robo, inakuwa 0.02. Gharama yake ni kelele: mkondo ukiwa dhaifu mara nne, unahitaji wastani wa muda mrefu mara kumi na sita ili uuone kwa usafi ule ule. Alichagua 0.01. Kwa mashine aliyonayo nadhani ni chaguo la busara. Mwenye kompyuta kubwa angeshuka zaidi.

Rasimu mpya haina 64. Kwa maji matupu parabola inatoka kama inavyotarajiwa, na kwa polima chini ya asilimia mbili mnato unapanda kidogo tu, kama ilivyo kawaida ya mchanganyiko mwepesi. Sura ya mbinu inataja kidhibiti kwa jina, msuguano wake, umbali wake, na halijoto kwa kila mhimili na kwa kila tabaka ya mfereji baada ya kutoa kasi ya mkondo. Kabla ya kuusukuma mkondo aliendesha kisanduku kilichotulia chenye mnyororo wa shanga 20, kisha 40, kisha 80, kuona kama kusambaa kunapungua kwa 1.5 au kwa 2. Namba za kwanza zilikaa katikati, akashtuka, mpaka alipoongeza sahihisho la ukubwa wa kisanduku: kompyuta inakichukulia kisanduku kana kwamba kimezungukwa na nakala zake, na mnyororo unajihisi mwenyewe kupitia nakala hizo za pembeni, na kwa kisanduku cha upana L kusambaa kunapungua kwa 2.837 mara nishati ya joto, gawanya kwa 6π mara mnato mara L. Mnyororo mfupi unaosambaa haraka na mrefu unaosambaa polepole wote wanakatwa kiasi kile kile, kwa hiyo mrefu ndiye anayeumia zaidi kwa uwiano. Baada ya sahihisho, mstari ulilala karibu na Zimm.

Tofauti ya kappa na iota haimo katika modeli hii hata kidogo. Kila kitengo cha iota kina salfeti mbili, zenye chaji, ambapo kappa ina moja, na bila chaji minyororo miwili hiyo ni kitu kimoja. Chaji zinaleta ioni, ioni zinahitaji hesabu ya kani za masafa marefu, na ioni nyepesi zinazokwenda mbio zitadai hatua ya muda fupi zaidi, ambayo itamlazimu akague DPD upya. Ameiandika kuwa kazi ya sura inayofuata, na msimamizi wake amekubali.